Juu ya Maneno "Make Up," na Jinsi ya Kuyatumia Sawasawa

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama



Katibu alipotutaka tuseme machache juu ya Kiingereza cha ofisini tulisita, kwa kuwa wamo humu waliotutangulia kushika kalamu. Walakini tumekubali, si kwa sababu twajua kuwapita wenzetu, bali kwa sababu tulikwisha kukosea, na kosa lile lilitufundisha.

Tulipokuwa tungali wachanga katika kazi, tulipewa kutunza fedha za matumizi madogo katika ofisi moja ya bara. Mwisho wa mwezi Bwana Mkubwa alituuliza kwa barua jinsi tulivyoipata jumla tuliyoiandika. Kazi yetu ilikuwa safi. Tulikuwa tumekusanya stakabadhi zote, tukazijumlisha mara mbili. Basi tukajibu kwa fahari: "I made up the figures." Tulidhani tumesema, "Nimezitengeneza hesabu." Kumbe Mwingereza asomapo maneno hayo huelewa, "Nimezibuni hesabu," yaani nimezitoa kichwani mwangu tu.

Siku ile ile tulinyang'anywa ufunguo wa kasha. Tulikaa siku tatu bila kazi, tukingoja kuulizwa, na nyumbani hatukuthubutu kusema neno. Karani mkuu, mzee mwenye huruma, aliomba stakabadhi zihesabiwe mbele ya Bwana Mkubwa. Zikahesabiwa, na jumla ikalingana mpaka senti ya mwisho. Tuliporudishiwa ufunguo, mzee yule alituita kando akasema, "Mwanangu, hesabu yako ilikuwa sawa. Kiingereza chako ndicho kilichoiba."

Basi na tuyatazame maneno haya mawili. "Make" peke yake ni kufanya, na "up" peke yake ni juu. Lakini yakikutana hayawi "kufanya juu." Sisi tusemao Kiswahili haifai tustaajabu, maana kwetu apigaye pasi hapigani na mtu, na apigaye hodi hana fimbo mkononi. Tena neno moja, "pata," huzaa patia, patana, patanisha na patikana, na kila moja lina maana yake. Sisi huunganisha mkia na neno lenyewe. Waingereza huuacha mkia nje, ukasimama kama neno dogo. Hapo ndipo mgeni hudanganyika, akadhani neno lile dogo halina kazi.

Wala shida hii si yetu peke yetu. Dr. Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake kubwa huko London mwaka 1755, alieleza katika dibaji yake kwamba maneno ya namna hii ndiyo yawapayo wageni taabu kubwa kabisa. Ikiwa bingwa wa lugha yenyewe alikiri hivyo, karani asione haya kujifunza.

Maana za "make up" zitufaazo ofisini ni hizi:

1. Kutengeneza kitu kwa kukusanya sehemu zake. "The clerk made up the accounts from the receipts." Karani alitengeneza hesabu kutoka katika stakabadhi. Hivi ndivyo ilivyotupasa sisi kuandika siku ile.

2. Kujaza palipopungua. "We were five shillings short, and the treasurer made up the difference." Tulipungukiwa na shilingi tano, na mtunza fedha akajaza upungufu.

3. Kubuni au kuzua jambo lisilokuwapo. "He made up an excuse." Alizua udhuru.

4. Kukata shauri. "I have made up my mind to sit for the examination." Nimekata shauri kufanya mtihani. Hapa neno "mind" halina budi kuwapo, na wakiwa watu wengi husemwa "They have made up their minds."

5. Kuwa na sehemu kadha wa kadha. "The committee is made up of seven members." Halmashauri ina watu saba. Hapa neno "of" lisisahauliwe.

6. Kufidia. "His diligence made up for his want of experience." Bidii yake ilifidia uchache wa ujuzi wake. Hapa neno "for" ndilo lishikalo maana.

7. Kupatana baada ya ugomvi. "The two friends quarrelled, but they have made it up." Marafiki wawili waligombana, lakini sasa wamepatana.

Mtauliza: Mtu ataijuaje maana iliyokusudiwa? Jibu letu ni hili: atazame neno linalofuata. Likiwa ni "accounts" au "parcel," maana ni kutengeneza. Likiwa ni "difference" au "balance," maana ni kujaza. Likiwa ni "story," "excuse," au "figures," maana ni kubuni. Kati ya "I made up the accounts" na "I made up the figures" limebadilika neno moja tu. Lakini la kwanza ni sifa ya karani, na la pili ni mashtaka yake.

Liko na jambo la kupanga maneno. Jina laweza kukaa mwisho au katikati: "He made up the difference," au "He made the difference up." Yote mawili ni sawa. Lakini badala ya jina ukitumia "it" au "them," hukaa katikati tu: "He made it up." Usiandike kamwe "He made up it." Walakini palipo na "for," neno hilo dogo hufuata mwisho: "He made up for it."

Wako wenzetu wasemao, "Kama ni hatari hivi, tuyaache kabisa." Hilo halifai, kwa maana tutaandikiwa sisi. Barua ikisema, "Please make up the balance by Friday," lazima karani ajue kwamba anatakiwa kujaza fedha zilizobaki kabla ya Ijumaa kupita, wala haambiwi abuni hesabu.

Lakini liko jambo lililo zito kuliko hofu ya nafasi zetu wenyewe. Mara ngapi mzee asiyejua Kiingereza huja barazani kwetu jioni, akatuomba tumwandikie barua ya shamba lake au ya mwanawe? Yeye husema maneno yake, sisi tukayaandika, naye akatia dole gumba chini ya asiyoweza kuyasoma. Akisema, "Habari hii nimeikusanya kwa majirani," nasi tukaandika, "I made up this story," tumemfanya mwongo kwa dole lake mwenyewe. Wazee walisema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Karani akijikwaa kalamu, mara nyingi aumiaye ni mwingine.

Basi shauri letu ni la namna tatu. Kwanza, usijifunze "make up" peke yake; andika katika daftari yako sentensi nzima, pamoja na jina lifuatalo. Pili, ukiwa na shaka, tumia neno moja lililo wazi: "prepare" kwa kutengeneza, "invent" kwa kubuni, "decide" kwa kukata shauri. Hapana aibu katika neno jepesi. Tatu, kabla ya kutia sahihi, msomee mwenzako barua yako kwa sauti. Kuuliza si ujinga.

Nasi twawaachia kazi ndogo mpaka mkutano ujao. Andikeni kwa Kiingereza, mkitumia "make up" katika kila moja: "Wamekata shauri kungoja." "Upungufu ule aliujaza yeye." "Habari ile ilizuliwa." Leteni majibu yenu, nasi tutayasahihisha pamoja, tukianza na ya kwetu.