Alama Ndani ya Ubongo



Karani atafutaye barua iliyopotea huifuata kwa nambari yake, meza kwa meza, hata ajue imekwama wapi. Madaktari nao hufuata dawa ndani ya kichwa cha mtu aliye hai, kwa njia iliyo karibu na hiyo.

Uvimbe wa ubongo ni adui aliyejificha. Mpasuaji akikata kidogo mno, uvimbe hurudi. Akikata kupita kiasi, mgonjwa aweza kupoteza usemi au nguvu za mkono. Basi kuujua mpaka wake ni jambo kubwa.

Mwaka 1947 Dr. George Moore, wa Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani, alieleza ya kuwa rangi iitwayo fluoresini, ikitiwa mshipani, hukusanyika katika uvimbe kuliko katika ubongo usio na ugonjwa. Sababu ni kwamba mishipa ya ubongo ina ukuta madhubuti, wala haipitishi kila kilichomo damuni. Bali mishipa ya uvimbe mara nyingi huvuja. Mwaka 1948 aliiunga rangi ya jamii hiyo na iodini yenye mionzi, apate kuutafuta uvimbe kwa mashine ya Geiger nje ya fuvu, kabla ya kisu.

Mwaka 1976 watu wa kwanza walitiwa sukari iliyoungwa na fluorini yenye mionzi, ambayo nguvu yake hupungua nusu kila dakika 110. Uvimbe mkali hula sukari nyingi. Walakini ubongo wenyewe ni mlaji mkubwa wa sukari, hata uvimbe waweza kufichwa na mng'ao wa jirani yake. Kwa hiyo hutumiwa pia methionini, kiungo cha protini, ambacho ubongo mzima hukichukua kidogo tu.

Tena, pahali palipowaka kwa maradhi mengine huweza kuichukua alama, na uvimbe mpole huweza kuikosa. Hesabu ya mashine ni ushahidi, si hukumu. Mara nyingi hukumu hungoja kipande kitazamwe kwa darubini.

Basi ndugu yako akiambiwa picha imeng'aa, asikate tamaa. Akiambiwa haikung'aa, asiharakishe kufurahi. Na aulize kwa adabu: Je, kipande kimepimwa?