Mgomo wa Reli Uliozuiwa Marekani Mwaka 2022 na Udhaifu wa Mnyororo wa Ugavi

Mada hii inahusu mgomo ambao haukufanyika. Kati ya Septemba na Desemba 2022, wafanyakazi wapatao 115,000 wa kampuni kubwa za treni za mizigo nchini Marekani, wakiwakilishwa na vyama 12, walifika mara mbili ukingoni mwa kuweka zana chini, na mara zote mbili hatua hiyo ikazuiwa, kwanza kwa mapatano yaliyosimamiwa na Waziri wa Kazi, Marty Walsh, na baadaye kwa sheria. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba ukosefu wa likizo ya ugonjwa uliowachosha wafanyakazi, na wepesi wa kukatika kwa ugavi ulioitia serikali hofu, vilikuwa na chanzo kimoja, yaani kupunguzwa kwa wafanyakazi mpaka isibaki akiba ya kutosha ya watu.

Mnyororo wa ugavi ni mfululizo wa hatua zinazoitoa bidhaa katika hali ya malighafi hadi mikononi mwa mtumiaji, na nguvu yake hutegemea akiba iliyowekwa kati ya hatua moja na nyingine. Kwa bidhaa nzito za Marekani, hatua kubwa kati ya hizo hupita relini: takriban asilimia 70 ya ethanoli, ambayo ni pombe ya mahindi inayochanganywa na petroli, husafirishwa kwa treni, na behewa moja la nafaka hubeba shehena ya malori matatu au manne. Chama cha kampuni za reli kilikadiria kwamba mgomo ungeugharimu uchumi zaidi ya dola bilioni 2 kwa siku. Makadirio hayo yalitolewa na upande wenye maslahi yake katika mgogoro, kwa hiyo yanafaa kusomwa kwa tahadhari. Hata hivyo, ukubwa wa hatari yenyewe haukuwa na ubishi.

Athari zilianza kabla ya siku ya mgomo kufika. Muda wa mwisho uliokuwa umewekwa ulikuwa Septemba 16, lakini tangu Septemba 12 kampuni za reli zilianza kukataa kupokea klorini, amonia na kemikali nyingine za hatari, kwa sababu tangi la gesi yenye sumu haliwezi kuachwa limesimama njiani bila mtu wa kulilinda iwapo wafanyakazi watashuka. Klorini ndiyo inayotumika kuua vijidudu katika maji ya bomba, na mitambo ya maji huweka akiba ya muda mfupi tu. Amonia nayo ni msingi wa mbolea. Shirika la treni za abiria la Amtrak, ambalo halikuwa sehemu ya mgogoro ila treni zake za masafa marefu hupita kwenye reli za kampuni za mizigo, lilifuta safari hizo zote. Tishio pekee, basi, lilitosha kuusimamisha mnyororo katika sehemu zake nyeti zaidi.

Chanzo cha hali hiyo kinapatikana katika mfumo wa uendeshaji ulioenezwa na Hunter Harrison, aliyeongoza kampuni kadhaa za reli za Marekani na Kanada hadi kifo chake mwaka 2017. Chini ya mfumo huo treni huondoka kwa ratiba isiyosubiri shehena, vituo vya kupangia mabehewa hufungwa, treni hurefushwa hadi nyingine kuzidi kilomita 3, na idadi ya vichwa vya treni na ya watu hupunguzwa. Kwa mujibu wa Martin Oberman, aliyekuwa mwenyekiti wa Bodi ya Usafiri wa Nchi Kavu, chombo cha serikali kinachosimamia reli, kampuni hizo zilipunguza wafanyakazi wapatao 45,000 katika miaka sita, sawa na asilimia 29. Faida ilipanda, na Union Pacific, mojawapo ya kampuni hizo, ilipata faida ya dola bilioni 6.5 mwaka 2021.

Waliobaki ndio waliobeba pengo. Dereva au kondakta wa treni ya mizigo kwa kawaida hana zamu ya kudumu. Hukaa akisubiri simu inayoweza kuita usiku wa manane, na akishaitwa hupewa saa chache tu za kufika kazini. Februari 2022 kampuni ya BNSF ilianzisha utaratibu wa mahudhurio ambao ulimpa mfanyakazi alama 30, zilizokatwa kila alipokosa kupatikana, kwa wingi zaidi siku za mwisho wa wiki na sikukuu, na ili apate alama nne mpya alitakiwa awe tayari kuitwa siku 14 mfululizo. Aliyeamka na homa alilazimika kuchagua kati ya afya yake na ajira yake. Ni vigumu kuuona utaratibu wa namna hiyo kama nidhamu ya kazi tu: ulikuwa njia ya kuwafanya watu wachache wajaze nafasi za wengi, na kwa sababu hiyo dai la siku za ugonjwa zenye malipo liligusa nguzo ya mfumo mzima.

Ushahidi kwamba uhaba huo uliudhuru ugavi hata bila mgomo ulikuwa umekwisha kuonekana miezi michache kabla ya Septemba. Katika vikao vya Bodi vya Aprili 2022 kampuni za reli zilikiri kwamba hazikuwa na wafanyakazi wa kutosha wa treni, na Juni mwaka huohuo kampuni ya kuku ya Foster Farms ililalamika kwamba treni za mahindi za Union Pacific haziifikii mitambo yake ya chakula cha mifugo huko California. Bodi ilitoa amri ya dharura kwamba mahindi hayo yapewe kipaumbele. Mfugaji aliyekosa mahindi wakati huo hakukoseshwa na mgomaji yeyote.

Kisheria, reli za Marekani huongozwa na Sheria ya Kazi za Reli ya 1926, ambayo haikatazi mgomo bali huuchelewesha kwa upatanishi, vipindi vya kusubiri na, ikibidi, tume ya dharura ya Rais. Tume iliyoteuliwa Julai 2022 ilipendekeza nyongeza ya mishahara ya asilimia 24 katika miaka mitano, lakini haikutoa likizo ya ugonjwa. Taarifa yake iliandika msimamo wa waajiri kwamba faida zao zilitokana na mtaji na kuthubutu kwao, si na mchango wa wafanyakazi. Kauli hiyo iliwaumiza wengi ambao wakati wa korona walikuwa wakitajwa kama watumishi wa lazima.

Vyama vinne vilikataa mkataba uliofuata mapendekezo hayo. Baraza la Wawakilishi liliulazimisha kwa kura 290 dhidi ya 137, na Seneti kwa 80 dhidi ya 15, huku azimio la pekee la siku saba za ugonjwa likipata kura 52 dhidi ya 43, pungufu ya 60 zilizohitajika katika Seneti. Rais Biden alitia saini Desemba 2. Februari 2023 kampuni ya reli ya CSX ilikubaliana na vyama viwili kutoa siku nne za ugonjwa zenye malipo, na kampuni nyingine zikafuata mwaka huohuo, ingawa jambo hilo lilikuwa limekataliwa katika majadiliano ya karibu miaka mitatu. Ambalo halikuguswa na sheria wala mikataba hiyo ni idadi ya chini ya wafanyakazi ambayo kampuni ya reli inapaswa kuwa nayo ili treni zisikwame. Uamuzi kuhusu idadi hiyo umeendelea kuwa wa kampuni zenyewe.