Kipande cha Nyama Kinachokuzwa Maabara: Tuulize Nini Kabla ya Kutia Sahihi

(Hotuba kwa vikundi vya kujisaidia, Tabaka)



Mmeniuliza juu ya karatasi ambayo mgonjwa wa kansa anaweza kupewa atie sahihi, ili kipande cha uvimbe wake kitumike kwa utafiti. Wengine wanasema nyama inauzwa. Tuanze na jambo mnalolijua. Wengi wenu mmepanda migomba ya maabara: kipande kidogo cha mgomba kinawekwa ndani ya chupa yenye chakula, kinazaa miche mingi. Nyama ya mtu nayo ni karibu hivyo. Inakatwakatwa, seli zake zinatengwa, zinawekwa kwenye maji ya lishe, mahali penye joto la mwili, digrii 37. Hapo hapaoti mtu, jamani! Zinabaki seli tu.

Huchukuliwa pia seli zisizo na ugonjwa za mgonjwa yule yule. Kwa nini? Dawa ikiua za uvimbe na zile nzima pia, hiyo ni sumu. Lazima zilinganishwe. Lakini seli nzima hazidumu: mwaka 1961 Leonard Hayflick wa Marekani alionyesha kwamba hugawanyika kama mara 50 hivi, halafu zinakoma. Za kansa zinaweza kuendelea miaka na miaka, ingawa nyingi hufa mapema maabarani.

Msidhani ni mambo ya mbali. Mwaka 1958 Daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda, aliandika juu ya uvimbe wa taya za watoto. Desemba 1963 kipande kimoja kutoka Uganda kilichelewa kwa sababu ya ukungu. Ndege ilishuka Manchester badala ya London. Kilipofika, maji yake yalikuwa yamechafuka, ikadhaniwa yameoza. Anthony Epstein akatazama kwa darubini, akakuta seli hai zinaelea! Mwaka 1964 yeye, Yvonne Barr na Bert Achong wakatangaza virusi walivyoviona ndani ya seli za namna hiyo. Na mwaka 1967 zilichukuliwa seli za kijana Mkenya wa miaka 16. Zinaitwa Daudi, na hadi leo wataalamu wa nchi nyingi wanazitumia.

Sasa hofu yenu. Ina msingi. Mwaka 1951 huko Baltimore, seli za mama mmoja, Henrietta Lacks, zilikuzwa bila yeye kuulizwa. Jamaa zake walijua miaka ya 1970. Mwaka 2023 ndipo walipopatana na kampuni ya Thermo Fisher iliyofaidika nazo.

Kwa hiyo ulizeni. Kipande kinakwenda wapi? Jina langu litaandikwa? Nikibadili nia? Kamati ya maadili imekubali? Karatasi isomwe kwa lugha unayoielewa, hata Ekegusii. Ukikataa utafiti, matibabu yako yasiguswe. Lakini kipande cha kupima ugonjwa ni jambo jingine. Hicho msikikatae, maana bila hicho daktari anabahatisha.

Tena, mtoto akivimba taya na meno yakilegea, msingoje mavuno wala mganga. Uvimbe wa Burkitt hukua haraka sana, na dawa zake zipo. Apelekwe hospitali wiki hiyo hiyo.