Chumvi Yetu na Chembe za Plastiki

Hotuba ya mjumbe wa kamati ya mradi wa chumvi



Nimepewa dakika chache nizungumzie jambo linalogusa hazina ya kikundi na majiko yetu pia. Wateja wameanza kuuliza: chumvi yenu ina plastiki? Tuwajibu nini?

Wazee walisema akiba haiozi. Na plastiki nayo haiozi, akina mama! Mfuko uliotupwa baharini hupigwa jua na mawimbi, hukatikakatika hadi kuwa chembe. Zile zilizo chini ya milimita 5 wataalamu huziita mikroplastiki. Maji ya bahari yakiingia kwenye mabwawa yetu, jua huchukua maji tu. Chumvi inabaki, na chembe zinabaki.

Jambo hili si la hapa Bagamoyo peke yake. Mwaka 2018 watafiti wa Korea Kusini pamoja na Greenpeace walitoa matokeo ya chumvi za aina 39 kutoka sehemu mbalimbali za dunia. Aina 36 zilikutwa na chembe. Lakini kati ya zile 3 zilizosalimika, moja ilikuwa ya Ufaransa, iliyokaushwa kwa jua kama yetu. Kumbe inawezekana!

Sasa je, zinaonekanaje? Chumvi huyeyushwa kwa maji safi, kisha maji hayo huchujwa kwenye karatasi yenye vitundu vidogo mno. Hutiwa matone ya rangi iitwayo Nile Red, ambayo hushika plastiki. Ukimulika kwa taa ya buluu na kutazama kupitia kioo cha rangi ya machungwa, chembe zinawaka kama vimulimuli. Kamera hupiga picha, kompyuta huhesabu. Njia hii haihitaji zinki kloridi, dawa inayotumika mahali pengine kuelesha chembe, ambayo ni sumu kwa viumbe vya majini. Hata mabaki ya rangi hukusanywa, hayamwagwi ovyo. Hatuwezi kuitetea bahari huku tunaichafua.

Lakini tusikimbilie kushangilia. Rangi hiyo hushika mafuta na mabaki ya viumbe pia, kwa hiyo kinachowaka huhakikishwa kwa mashine ya infraredi. Tena lazima maji matupu yapimwe vilevile, maana nyuzi za nguo zetu wenyewe huweza kudondokea kwenye karatasi.

Kuhusu afya, Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2022 kwamba ushahidi bado hautoshi kupima madhara yake kwa binadamu. Basi tusitishane, wala tusidanganyane.

Kamati inaomba mambo matatu. Kwanza, tutenge fedha za kupima sampuli za chumvi yetu. Pili, tuokote plastiki mferejini kabla ya maji ya bamvu kuingia, na viroba vilivyochakaa visitumike tena, kwa kuwa vinapukutisha nyuzi. Tatu, tusichapishe maneno “haina plastiki” kwenye pakiti zetu, hata kama soko linayapenda.

Jamani, kwa miaka 10 daftari letu halijaandikwa shilingi isiyokuwemo sandukuni. Na pakiti ya chumvi isiandikwe neno ambalo hatujalipima.