Kijana Asiyetulia: Tumwelewe na Tumsaidie

Mazungumzo na wazazi, walezi na walimu wa kambi ya Nyarugusu



Leo tutazungumza juu ya kijana ambaye wengi wenu mnamfahamu. Ametumwa maji asubuhi. Saa nne ndoo bado iko bombani na yeye hayupo. Amepewa daftari mwanzo wa muhula. Baada ya wiki mbili hajui liliko. Darasani anajibu kabla mwalimu hajamaliza kuuliza. Akitaniwa kidogo, anapigana. Nyumbani wanasema hasikii, shuleni wanasema ni mtukutu, majirani wanasema amerogwa. Yeye mwenyewe, akiwa na miaka 14 au 15, ameanza kuamini kwamba hafai kitu.

Baadhi ya vijana wa namna hii wana tatizo ambalo madaktari wanalijua. Ni tatizo la upungufu wa umakini pamoja na kutotulia kupita kiasi. Wahudumu wa afya huliandika kwa herufi nne: ADHD. Uchunguzi uliofanywa katika nchi mbalimbali unakadiria kwamba katika kila watoto 100, kama 5 hivi wanalo. Wapo katika nchi tajiri na katika nchi maskini, mijini na vijijini. Daktari George Still wa London alieleza habari za watoto wa namna hii mwaka 1902. Kwa hiyo tatizo hili si geni, wala halikuletwa na maisha ya kambi.

TATIZO HILI NI NINI?

Ndani ya ubongo kuna kazi inayofanana na ya msimamizi. Msimamizi huyo hutuambia: subiri kwanza, maliza hili, usisahau lile. Kwa kijana mwenye tatizo hili, sehemu hiyo ya ubongo hukomaa polepole na hufanya kazi kwa namna tofauti. Akili yake inaweza kuwa nzuri kabisa. Anachokosa ni uwezo wa kuiongoza akili hiyo ikae mahali pamoja.

Watu huuliza: mbona mpira anaucheza saa mbili bila kuchoka? Mbona redio mbovu anaifungua na kuitengeneza mpaka usiku? Jibu ni kwamba jambo analolipenda humvuta lenyewe. Jambo lisilomvuta, kama kunakili somo ubaoni, linamhitaji yule msimamizi, na hapo ndipo anaposhindwa. Anaweza kutaka kabisa kufanya kazi uliyompa, na bado asiimalize.

Mara nyingi tatizo hurithiwa. Baba au mama, mjomba au shangazi, huenda alikuwa hivyo utotoni. Kuzaliwa kabla ya miezi kutimia, au na uzito mdogo sana, pia huongeza uwezekano. Halisababishwi na uchawi, laana wala malezi mabaya. Mama uliyelaumiwa na ndugu kwamba umemharibu mtoto, weka mzigo huo chini.

DALILI ZAKE KWA KIJANA

Mtoto mdogo mwenye tatizo hili hukimbia na kupanda huku na huku. Akifika umri wa kubalehe, mbio hupungua, lakini hali ya kutotulia hubaki ndani yake. Utaona mambo haya:

1. Anasahau na kupoteza vitu mara kwa mara.
2. Anaanza kazi nyingi na kumaliza chache.
3. Anachelewa, hata anapotaka kuwahi.
4. Anakatiza wenzake maneno, hawezi kungoja zamu yake.
5. Anakasirika upesi, na mara nyingi anajuta baadaye.
6. Anatenda kabla ya kufikiri hatari iliyopo.

Wasichana wengi hawatambuliwi. Msichana mwenye tatizo hili anaweza kukaa kimya darasani, macho dirishani, mawazo mbali. Hasumbui mtu, basi hakuna anayeuliza. Watu humwita mzito, na baadaye anaacha shule.

TUSIHARAKISHE KUHUKUMU

Kila kijana husahau na kukasirika. Ili tatizo liitwe kwa jina hili, mhudumu wa afya hutazama mambo manne. Dalili ziwe zilianza kabla ya miaka 12. Ziwe zimedumu miezi 6 au zaidi. Zionekane mahali zaidi ya pamoja, kwa mfano nyumbani na shuleni. Tena ziwe zinamzuia kweli kusoma, kufanya kazi au kuishi na wenzake.

Swali la "lilianza lini?" ni muhimu sana kwetu wakimbizi. Kijana aliyekuwa mtulivu, kisha akabadilika baada ya kuona vita, kufiwa au kutendewa ukatili, huenda ana majeraha ya moyo. Naye hukosa umakini na kukasirika upesi, lakini msaada wake ni mwingine. Kwa upande mwingine, kambi hii ilifunguliwa mwaka 1996, na wapo vijana wetu waliozaliwa hapa hapa. Tusiseme kila jambo ni vita.

Yapo pia mambo ya mwili yanayofanana na tatizo hili. Kijana asiyesikia vizuri huonekana mkaidi. Asiyeona ubao huchoka na kuanza kucheza. Kifafa cha namna fulani humfanya mtoto akodoe macho sekunde chache bila kujua, kisha anaendelea kama kwamba hakuna kilichotokea. Malaria kali iliyopanda kichwani, upungufu wa damu, njaa na kukosa usingizi huvuruga umakini. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kumpeleka kijana kituo cha afya apimwe masikio, macho na damu, na kueleza historia yake tangu utoto.

NYUMBANI TUFANYE NINI?

Kwanza, toa agizo moja kwa wakati mmoja. Ukisema "nenda bombani, ukirudi pasua kuni, halafu mwangalie mdogo wako," amebaki na la kwanza tu. Mwite jina, subiri akutazame, sema jambo moja, na mwombe alirudie kwa maneno yake. Akimaliza, mpe la pili.

Pili, siku iwe na utaratibu usiobadilika. Maji saa ile ile, masomo saa ile ile, kulala saa ile ile. Mazoea yatafanya kazi ambayo kumbukumbu yake inashindwa kuifanya.

Tatu, kila kitu kiwe na mahali pake. Piga msumari ukutani karibu na mlango, utundike mfuko wa shule hapo kila jioni. Kadi ya mgao aitunze mtu mwingine. Kijana akiipoteza, familia nzima itateseka, na yeye atabeba aibu ambayo ingeweza kuepukwa.

Nne, gawanya kazi ndefu. Badala ya kumwambia alime kipande chote, chora mstari: lima mpaka hapa, kisha uje kunywa maji.

Tano, msifu pale pale anapofanya vizuri, na utaje alilofanya: "Leo umerudi na ndoo imejaa, asante." Kijana huyu amesikia lawama maelfu ya mara. Sifa ya wiki ijayo haimsaidii. Ya sasa hivi inamsaidia.

Sita, adhabu iwe ndogo, ijulikane mapema na itolewe mara moja. Fimbo haikuzi ubongo. Humfundisha kujificha, kusema uongo na kukaa mbali na nyumbani.

DARASANI

Walimu, tunajua madarasa yenu yamejaa na vitabu havitoshi. Hata hivyo yapo mambo yasiyogharimu fedha. Mkalishe mbele, mbali na mlango na dirisha. Mpe kazi ya kufuta ubao au kugawa madaftari, ili apate ruhusa ya kusimama. Mpe maswali matano, uyasahihishe, kisha matano mengine. Mweke karibu na mwanafunzi mtulivu ambaye anaweza kumkumbusha kazi ya nyumbani. Mkikutana na mzazi, anza kwa jambo jema moja kuhusu mtoto wake.

HATARI ZA UMRI HUU

Kijana anayetenda kabla ya kufikiri yuko hatarini zaidi kuliko wenzake. Akishawishiwa na marafiki kutoka kwenda kutafuta kibarua vijijini, anaondoka bila kuaga. Lakini Sheria ya Wakimbizi ya Tanzania ya mwaka 1998 inataka mkimbizi awe na kibali cha kutoka kambini, na asiye nacho anaweza kukamatwa. Bangi na pombe pia humvuta upesi na kumharibia hata ule umakini mdogo alio nao. Kwa wasichana ipo hatari ya mimba za mapema. Basi zungumzeni naye kabla ya tukio. Mwulize: "Wakikuambia twende, utajibuje?" Mpeni nafasi ya kufanya zoezi la jibu lake. Mpira, kwaya, ushonaji, useremala na kazi nyingine za mikono zinafaa sana kwa nguvu zake.

KUHUSU DAWA

Ipo dawa inayosaidia wengi wenye tatizo hili, inayoitwa methilifenideti. Haiponyi kabisa, ila humsaidia mtu kutulia na kuzingatia wakati anapoitumia. Huandikwa na daktari mwenye ujuzi huo, na lazima afuatilie mapigo ya moyo, hamu ya chakula na ukuaji wa kijana. Ukiambiwa haipatikani, usikate tamaa. Taratibu za nyumbani na darasani tulizozitaja zina faida yake. Lakini usimnunulie sokoni dawa za usingizi ili atulie. Zinaweza kumfanya mtumwa wa dawa na hata kuhatarisha uhai wake. Ukipenda kumwombea, mwombee; usikubali afungwe kamba, anyimwe chakula au achanjwe mwilini.

Ndugu zangu, baadhi ya vijana hawa hupata nafuu wanapokua. Wengine hubaki na tatizo hadi utu uzima, lakini hujifunza kuishi nalo, wakawa mafundi, wafanyabiashara na wazazi wema. Kinachowaangusha wengi ni kuacha shule mapema na kukatiwa tamaa na watu wao wenyewe. Kama umemtambua kijana wako katika maneno haya, usingoje. Mwone mhudumu wa afya ya akili katika kituo cha afya, au mweleze mhamasishaji wa afya wa kijiji chako akupeleke. Nenda pamoja na kijana mwenyewe, naye apewe nafasi ya kusema.