Kabla ya Msiba, Mtu Hutengwa: Tahadhari ya Mwili na ya Roho katika Afrika Mashariki



Mtu akiambiwa awe macho, hufikiria kufuli, mwizi wa mfukoni na kichochoro chenye giza. Akiambiwa awe macho kiroho, hufikiria sala na mfungo. Mhadhara huu unayaweka mawili hayo pamoja kwa sababu moja. Katika misiba mikubwa ya imani iliyotokea Afrika Mashariki, na hata katika utapeli mdogo wa simu, mhusika alianza kwa kutengwa na wale ambao wangemuuliza swali.

Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, kanisa la Harakati ya Kurejesha Amri Kumi za Mungu liliteketea pamoja na waumini waliokuwa ndani. Milango na madirisha yalikuwa yamepigiliwa misumari. Mamia walikufa, na siku zilizofuata makaburi ya halaiki yakafukuliwa katika makazi mengine ya kundi hilo. Viongozi wake, wakiwemo Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde, walikuwa wametangaza kwamba dunia ingefikia kikomo mwishoni mwa 1999. Waumini wakauza mali. Mwaka mpya ulipoingia na jua likachomoza kama kawaida, baadhi yao wakaanza kudai walichokitoa.

Moto ndio unaokumbukwa, lakini funzo liko katika miaka iliyoutangulia. Ndani ya kambi mazungumzo yalikatazwa. Nje ya sala, watu waliwasiliana kwa ishara za mikono. Waume walitenganishwa na wake zao, wazazi na watoto wao. Amri ya ukimya ilionekana kama nidhamu ya utawa, na pengine wengine waliipokea kwa moyo safi. Matokeo yake yalikuwa kwamba mwenye shaka hakuweza kujua kama aliyelala kando yake naye ana shaka. Kila mmoja alibaki akijiona peke yake ndiye mwenye imani haba.

Miaka 23 baadaye jambo kama hilo likatokea Kenya. Paul Mackenzie, mhubiri wa Malindi, alifunga kanisa lake mwaka 2019, na wafuasi wakaanza kuhamia msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, katika vijiji vilivyopewa majina ya Biblia kama Nazareti na Bethlehemu. Aprili 2023 polisi walianza kufukua makaburi. Miili iliyopatikana ilipita 400, mingi ikiwa ya watoto. Uchunguzi wa madaktari ulionyesha kwamba wengi walikufa kwa njaa, na baadhi walinyongwa. Mackenzie alifikishwa mahakamani mwaka 2024 kwa mashtaka ya mauaji, ugaidi na mengineyo, akayakana.

Mahubiri ya miaka iliyotangulia yanaonyesha mpangilio. Kwanza shule ikaitwa ya shetani, watoto wakatolewa madarasani. Hospitali ikafuata. Kisha vitambulisho: usajili wa Huduma Namba ulipoanza mwaka 2019, ukahubiriwa kuwa alama ya mnyama. Mwisho ukaja msitu, mbali na ndugu na majirani. Hakuna hatua kati ya hizo iliyomwambia mtu afe. Kila moja ilimwondolea mtu mmoja wa kumshtua: mwalimu, daktari, karani, shangazi. Mfungo wa kufisha ulipotangazwa, waliobaki kumsikia muumini akilalamika walikuwa wale tu walioamini kama yeye. Ni kosa kuwaita wote wajinga. Vyombo vya habari viliripoti kwamba miongoni mwao walikuwamo watu wenye elimu na kazi nzuri.

Tapeli wa simu hutumia mpangilio uleule kwa dakika chache. Hupiga akijitambulisha kuwa mtumishi wa kampuni ya simu, hutaja muamala uliokosewa au laini inayokaribia kufungwa, kisha hutoa masharti mawili: usikate simu, na usimwambie mtu. Sharti la pili ndilo linalombeba. Mama akimgeukia mwanawe na kumwambia tu anachoagizwa kufanya, mara nyingi mchezo huishia hapo. Nchini Tanzania ujumbe wa namna hiyo hutumwa namba 15040 ili mtumaji afuatiliwe, lakini namba hiyo haina kazi kwa aliyeshawishiwa kunyamaza.

Serikali nazo zimetafuta dawa. Mwaka 2018 Rwanda ilifunga maelfu ya nyumba za ibada na kuweka sheria inayowataka viongozi wa makanisa wawe na elimu ya theolojia. Nia inaeleweka. Hata hivyo, kundi la Kanungu lilikuwa na usajili wa asasi isiyo ya kiserikali, na mmoja wa viongozi wake, Dominic Kataribabo, alikuwa padri aliyesoma hadi shahada ya uzamili Marekani. Cheti humwambia mwananchi kiongozi alisoma wapi. Hakimwambii kama muumini anaruhusiwa kwenda kumwona mamaye.

Kuna pingamizi zito hapa. Shakahola, wazazi ndio waliowapeleka watoto msituni; Kanungu, jamaa nzima ziliteketea pamoja. Basi undugu peke yake hauwezi kuwa ngome, kwani nyumba nzima inaweza kutengwa kama mtu mmoja anavyotengwa. Tena jirani anayechungulia kila mlango ni kero, na uhuru wa kuabudu ni haki ya kikatiba. Hakuna ulinzi unaofaa kununuliwa kwa kuwageuza watu wapelelezi wa imani za wenzao.

Kwa hiyo mhadhara huu unapendekeza maswali yasiyogusa mafundisho. Mwalimu mkuu akiona katika daftari la mahudhurio kwamba watoto wa nyumba moja wametoweka wiki mbili, ahesabu jambo hilo kuwa la usalama, amtume mtu kuuliza. Balozi wa nyumba kumi akisikia familia imeuza shamba na kuhama bila kuaga, aulize imeelekea wapi. Viongozi wa makanisa na misikiti watamke hadharani, mbele ya waumini, kwamba mgonjwa anaruhusiwa kutumia dawa, kwamba mfungo una kikomo, na kwamba anayeondoka hatafuatwa kwa laana. Muumini naye, kabla ya kutoa shamba, kukatiza dozi au kumwachisha mtoto shule, ampelekee habari hiyo mtu mmoja asiyesali naye, amsikilize hadi mwisho, ndipo aamue.