Kamba ya Mshazari: Ari na Ufundishaji katika Kipindi cha Michezo

Darasa lina wanafunzi 60, mpira mmoja na kipindi cha dakika 40. Muda huo ukigawanywa sawasawa, kila mtoto anapata sekunde 40 za kuwa na mpira. Lakini uwanjani haugawanywi sawasawa. Watoto wanane au kumi wenye chenga huumiliki mpira. Wengine huufukuza kidogo, huanza kutembea, na mwisho wanakaa chini ya mwembe. Andalio la somo nalo linaandikwa kwamba wanafunzi wote wameshiriki.

Hao wa chini ya mwembe huitwa wavivu. Si haki. Wanasaikolojia wa Marekani Edward Deci na Richard Ryan, ambao kitabu chao cha mwaka 1985 kimewaongoza walimu wengi, walieleza kuwa ari ya ndani hustawi mtu anapojiona anaweza jambo, ana uamuzi wake, na amekubalika miongoni mwa wenzake. Mtoto asiyepewa pasi hata moja amekosa vyote vitatu, na filimbi ya mwalimu haiwezi kumrudishia.

Muska Mosston, aliyetoa kitabu chake cha ufundishaji wa elimu ya viungo mwaka 1966, alilionyesha hili kwa kamba tu. Wanafunzi wawili wanaishika, imelala sawa, chini kabisa. Wote wanaruka. Inapandishwa hadi magotini, wachache wanashindwa na kutoka. Inafika kiunoni, na sasa wanaruka wawili watatu huku darasa zima likiwa limegeuka watazamaji. Kisha kamba inawekwa mshazari: ncha moja kifuani, nyingine ardhini. Hakuna anayetolewa tena. Kila mmoja anatafuta mahali pake pa kuruka, anafaulu, halafu, bila kuamrishwa, anasogea hatua moja kuelekea upande wa juu. Kamba ni ileile na watoto ni walewale. Kilichobadilika ni jinsi mwalimu alivyoipanga kazi.

Michezo yetu mingi ni kamba iliyolala sawa. Katika rede, anayepigwa mpira anatoka, kwa hiyo asiyejua kukwepa, ambaye ndiye mwenye haja kubwa ya mazoezi, anakuwa wa kwanza kukaa. Inatosha kubadili sheria moja: aliyepigwa aruke kamba mara kumi pembeni, kisha arudi katikati.

Vifaa navyo visiwe kisingizio. Chandimu ya matambara, mifuko na kamba watoto wanaifunga wenyewe nyumbani. Zikipatikana 20, kila watatu wana mpira wao, na zile sekunde 40 zinakuwa zaidi ya dakika 13.

Kuna mazoea mawili yanayopaswa kuachwa kabisa. La kwanza ni kumzungusha uwanja mara kumi mwanafunzi aliyechelewa, maana atajifunza kuwa kukimbia ni adhabu. La pili ni kuwaachia manahodha wachague timu mbele ya wote. Anayebaki wa mwisho hasahau siku ile.

Wasichana wanahitaji kuangaliwa kwa namna ya pekee. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2019, wenye takwimu za wanafunzi milioni 1.6 wa nchi 146, ulionyesha kuwa asilimia 85 ya wasichana wa miaka 11 hadi 17 hawafikishi dakika 60 za mazoezi kwa siku. Kwa wavulana ni asilimia 78. Kabla ya kuwalaumu, shule ijiulize kama wana mahali pa faragha pa kubadilishia nguo, na kama sketi ya darasani inamruhusu mtu kukimbia. Mwenye hedhi apewe kazi ya kupima muda au kuamua mchezo akiitaka, asilazimishwe kujieleza mbele ya wenzake.

Walimu wengi husita kwa kuwa hawakuwahi kuwa wanamichezo. Colm O'Connell alifika Iten, Kenya, mwaka 1976 kufundisha jiografia, bila ujuzi wa riadha. Alijifunza kwa kuwatazama wanafunzi wake wakikimbia, na baadaye akamfundisha David Rudisha, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 800 London mwaka 2012 kwa dakika 1:40.91.

Kutazama huko kunahitaji daftari. Wiki ya kwanza mwalimu afunge vitambaa vitano kwenye kamba ya mshazari na aandike kila mtoto ameruka kwenye kitambaa gani. Wiki ya sita aandike tena. Aliyetoka cha kwanza hadi cha tatu apate alama nzuri kuliko aliyeanza cha tano na kubaki hapohapo.